Ijumaa Niliyomwahidi Mungu

Kijijini kwetu mtu akitaka kupima urefu wa uongo husema, "Huo ni wa Pesamino." Pesamino ndiye mimi, na sikatai. Nimetengeneza redio mjini Apia miaka thelathini na minane, na mtu anayeshinda na redio zilizokufa huishia kuzisemea yeye. Niliwahi kuwaambia watu kwamba nimenasa kituo cha samaki, wanatangaza habari za kina kirefu kila saa kumi na mbili, na watatu kati yao wakaniuliza ni masafa gani. Lakini hili ninalosimulia sasa sijalitia chumvi. Shida yake ni kwamba hata mimi mwenyewe sijalielewa mpaka leo.

Uongo wangu wote haukumuumiza mtu, ila mmoja. Na huo mmoja haukuwa hata uongo.

Baba yetu alikuwa mkuu wa ukoo. Alipofariki, ukoo ulikaa siku tatu kumtafuta mtu wa kulivaa jina lake. Aliyetajwa kwanza alikuwa kaka yangu Uelese, anayenizidi miaka minne, shemasi, mtu wa maneno machache na mikono kama makasia. Siku ya pili, baada ya chakula, wazee walikuwa wanasinzia. Mmoja akasema, "Pesamino, hebu tuchekeshe kidogo." Nikasimama. Nikawasimulia siku ya kile kimbunga cha mwaka tisini na moja, jinsi Uelese alivyokutwa ndani ya tangi la maji la kanisa, amejikunja, meno yanagongana, na kimbunga kilipokwisha akagoma kutoka mpaka apewe hakikisho la maandishi. Nikamwigiza. Nikayapiga meno. Watu walicheka mpaka bibi mmoja akatolewa nje apepewe.

"Mkuu wa ukoo ndani ya tangi!" akasema mtu, akijifuta machozi.

Siku ya tatu jina la baba akapewa binamu yetu Falaniko.

Ni kweli Uelese alikutwa tangini. Ila hakuwa peke yake. Alikuwa na watoto watatu, wawili wake na binti yangu Ianeta wa miaka mitano, niliyekuwa nimemwachia kwa sababu mimi na mke wangu Fuatino tulikuwa hospitali Apia. Nyumba zote zilikuwa zimeng'olewa mapaa. Aliwabeba watoto mabegani siku nzima na usiku mzima ndani ya lile tangi la zege, wasiguse maji. Ianeta alinisimulia mara mia. Mimi sehemu hiyo niliiruka, maana haichekeshi.

Uelese hakujitetea. Alinyanyuka, akakung'uta shuka yake, akaondoka. Kuanzia hapo miaka tisa hatukusemezana. Kanisani tulikaa benchi moja, yeye mwanzo wa benchi na mimi mwisho, na katikati yetu ungeweza kuegesha lori.

Fuatino ni mzaliwa wa Tutuila, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, kwenye Samoa ile ya Wamarekani, na mke wa kuolewa hana sauti kwenye kikao cha ukoo wa mume. Lakini nyumbani sauti anayo, na aliitumia miaka yote tisa. Aliitumia nikila, aliitumia nikioga. Basi mwaka ule, mwezi wa tisa, ikasikika kwamba Uelese anahamia Hawaii kwa mwanawe mwisho wa mwaka, moja kwa moja, kwa sababu ya magoti. Jioni hiyohiyo Mchungaji Elisaia alikuja kwetu kwa sala. Kombe la kuita sala lilikuwa limeshapulizwa, barabara imenyamaza kijiji kizima, hata mbwa wanajua saa ile hawabweki. Mchungaji alisema maneno machache tu, kwamba Mungu hana haraka na sadaka ya mtu aliyegombana na nduguye, anaweza kuisubiri.

"Mchungaji," Fuatino akasema kabla amina haijapoa, "niulizie huyu mwenzangu. Atakwenda lini kupiga magoti kwa kaka yake?"

"Nitakwenda," nikasema.

"Lini?"

"Mungu akipenda."

"Mungu alishapenda zamani. Tunakungoja wewe."

Sasa, asubuhi ya siku hiyo nilikuwa na redio ya jirani mezani, na nilipoifufua tu ikanipa habari. Serikali imeamua kuihamisha nchi yetu upande wa pili wa mstari wa tarehe, tuwe na siku moja na watu wa Nyuzilandi na Australia. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili tutalala Alhamisi tarehe ishirini na tisa, tutaamka Jumamosi tarehe thelathini na moja. Habari za mstari zilikuwa zikisemwa tangu katikati ya mwaka, lakini tarehe yenyewe hakuna aliyekuwa ameishika.

Nikainua uso wangu wa kitakatifu. "Ijumaa," nikasema. "Ijumaa tarehe thelathini, mwezi wa kumi na mbili. Nitafunika kichwa kwa mkeka, nitapiga magoti mbele yake, nitaisema hadithi yote."

Mchungaji akanishika mkono. "Mbele za Mungu?"

"Mbele za Mungu."

"Amina," akasema Fuatino, machozi yakimlengalenga.

Wiki ya kwanza nilitembea kama mtu aliyeokota kitu. Nilikuwa nimemwahidi Mungu siku isiyokuwepo! Sikusema uongo wala sikukataa, na bado sitakwenda popote. Wiki ya pili nikaanza kuchanganyikiwa. Nilijiuliza: siku isiyokuwepo, ahadi yake inakaa wapi? Inakufa pamoja na siku, au inabaki inaelea kama chelezo kilichokatika kamba? Nikasali nipate jibu. Sikupata. Nikasali kwa ujanja zaidi, nikasema, Bwana, kama wewe ndiye bwana wa siku zote, basi na hii wameifuta kwa ruhusa yako, sivyo? Kimya. Nimefungua redio nyingi maishani na najua tofauti ya kimya cha betri kuisha na kimya cha mtu anayesikiliza. Hiki sikuweza kukitambua ni kipi.

Mwezi wa kumi na moja kila mtu akawa anaijua tarehe. Watoto waliiimba shuleni. Nilingoja Fuatino anilipukie. Hakunilipukia. Alikwenda kwenye sanduku, akautoa mkeka laini wa mama yangu, ule uliosukwa kwa miezi kumi na minne, akauanika juani. Hilo lilinitisha kuliko matusi.

"Unauanika wa nini, Mama Ianeta? Ijumaa yenyewe haipo."

"Mungu anajua ilipo," akasema, akageuza upande wa pili.

Alhamisi ya mwisho asubuhi nilisikia gari linakuja kumchukua Uelese. Nilisimama nyuma ya mshelisheli. Nilimwona akipanda kwa shida, goti moja kwanza, halafu akilivuta lingine kwa mikono. Nilijua anapitia kwa binti yake Tutuila, na huko ndiko atakapopanda ndege ya Hawaii. Gari likapita. Nilidhani nitafurahi. Nilibaki nimeshika shina la mti kama ndilo linalosafiri.

Tukalala Alhamisi, tukaamka Jumamosi. Jogoo wangu aliwika mara moja akasita, lakini pengine namsingizia. Jirani yetu Msabato alikuwa amekaa barazani na Biblia yake mapajani, ananitazama.

"Pesamino," akaniita, "wewe fundi wa mitambo. Hivi leo mimi nipumzike, au ndiyo nimalizie kazi?"

"Mwenzangu, mimi mwenyewe sijui kama nimevunja ahadi au sijavunja."

"Ahadi gani?"

"Ya jana."

"Jana gani? Jana ilikuwa Alhamisi."

"Ya ile jana nyingine."

Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye kitabu chake. Kwa kweli nilikuwa najisikia vibaya. Nilihesabu vidole, nikapata siku zinapungua moja, na moyoni nikaona kana kwamba ndiyo hiyo moja niliyokuwa nimeikalia. Uelese ameondoka. Sikusema uongo. Mbona basi nilikuwa nataka kujificha, na nijifiche wapi wakati hakuna anayenitafuta?

Fuatino alikuwa ndani, anampigia simu dada yake Meripa kule Tutuila. Simu yake ina sauti ya kanisa zima.

"Meripa, huko leo siku gani?"

"Dada, umeamka na homa?"

"Nijibu tu."

"Ijumaa! Niko na magimbi jikoni, unaniuliza siku?"

"Tarehe ngapi?"

"Thelathini. Ninyi ndio mliojirusha, sisi tupo palepale. Saa moja asubuhi, Ijumaa, mvua imekatika."

Kijiko cha kakao kikanidondoka. Kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi, na kikombe kizima kikawa kinanitazama.

"Na Uelese umemwona?" Fuatino akauliza, hanitazami mimi, anatazama ukuta.

"Si yuko hapa kwa binti yake, nyumba ya tatu. Ameketi nje anakunywa chai. Anaruka leo, ndege ya Ijumaa ya Hawaii."

Fuatino akanipa simu. "Msalimie shemeji yako. Na umuulize mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya."

"Shemeji," nikasema, "ni kweli huko ni Ijumaa?"

"Mpaka saa sita usiku, shemeji," akasema Meripa. "Mna nini leo ninyi wawili?"

Nikarudisha simu. Fuatino alikuwa ameshaukunja mkeka, ameufunga kwa kamba, ameuweka mlangoni.

"Ijumaa haikufutwa, Baba Ianeta," akasema. "Imehamia kwa kaka yako."

Hadi leo sijui nani alimtega nani. Nilichagua ile siku kwa sababu haitakuwepo, na Uelese akachagua kwenda mahali pekee duniani ambako ingekuwepo na ambako mimi ningeweza kufika kabla haijaisha. Angekuwa amebaki kijijini, ningekuwa huru. Angekuwa ameshafika Hawaii, nisingemkuta. Ningejiambia ni bahati, lakini bahati haianiki mikeka mwezi mzima kabla.

Karatasi za kuingia Tutuila ninazo kwa ajili ya mke wangu. Nafasi kwenye ndege ya asubuhi ilikuwa moja tu. Ndege zile ni ndogo, hata abiria wanapimwa kama samaki. Nilisimama kwenye mizani na begi mkono mmoja na mkeka mkono mwingine. Kijana wa mizani akatazama mshale, akatazama tumbo langu, akatikisa kichwa.

"Mzee, kitu kimoja kibaki. Begi au mkeka."

Huo hapo mlango wa kutorokea, nilijua. Mungu angenielewa. Begi lina shati, shuka, dawa za presha, na mkate aliotengeneza Fuatino. Mtu mwenye akili anabakiza mkeka, anafika, anamsalimia kaka yake kwa mkono, anasema pole na safari, anarudi. Kupiga magoti bila mkeka si kupiga magoti, ni kuanguka tu. Nilimgeukia Fuatino aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba. Hakusema neno, na sijamwona akifanya hivyo tangu tuoane.

"Begi libaki," nikasema. Kwa nini nilisema hivyo sijui. Mdomo ulitangulia, mimi nikaufuata, kama siku zote, ila safari hii ulikokwenda sikukujua.

Ndani ya ndege nilikaa nimepakata mkeka kama mtoto mgonjwa. Nikasali kwa sauti ya chini. "Bwana, ni wewe unayenipeleka, au ni mimi nimejinasa mwenyewe?"

"Unasema na mimi?" akauliza mama mnene aliyekuwa pembeni yangu.

"Hapana, mama."

"Basi ongeza sauti kidogo, injini hizi zina kelele. Hatakusikia."

Niliruka Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, nikashuka Ijumaa saa tatu na dakika kumi. Mkeka umevuka mstari na mimi nimevuka. Afisa wa mpakani akaniuliza nimeondoka lini. Nikamwambia kesho. Akagonga muhuri bila kuinua kichwa, nadhani asubuhi ile wote tulikuwa tunamjibu hivyo.

Ifoga, toba yetu ya mkeka, hufanywa alfajiri. Mkosaji hukutwa na mapambazuko amekaa mbele ya nyumba, mkeka kichwani, kimya, mpaka mwenye nyumba atoke aufunue, au akatae kuufunua. Mimi nilifika saa nne jua likiwa limeshapanda vizuri kabisa. Nilihesabu nyumba tatu kutoka kwa Meripa, nikapiga magoti kwenye kokoto, nikajifunika. Chini ya mkeka kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya sanduku la mama. Nikasikia kuku. Nikasikia ndala zinapita barabarani, zinasimama, zinarudi nyuma.

"Huyo nani?" ilikuwa sauti ya Meripa.

"Mimi, shemeji."

"Alfajiri imeshapita, shemeji."

"Kwetu ilipita jana."

"Na umehesabu pamoja na nyumba yangu. Binti yake Uelese ni nyumba inayofuata. Sogea."

Nikanyanyuka na mkeka wangu, nikasogea, nikapiga magoti upya. Nasema kweli tupu hapa. Mtu anayesema uongo asingejiweka mbele ya nyumba isiyo yenyewe.

Nikakaa. Jasho likapita machoni, likapita puani, likaanza kutafuta njia nyingine. Magoti yalinikumbusha umri wangu kwa tarehe na mwezi. Mtoto alikuja akainama akachungulia, akakimbia akisema, "Kuna babu chini ya zulia!" Mlango ukalia. Kisha hatua, moja nzito, moja ya kuburuzwa. Zikaja mpaka mbele yangu zikasimama. Niliona vidole vya miguu yake chini ya ukingo wa mkeka. Vimezeeka.

Hakuufunua.

"Sema," akasema. Neno la kwanza baada ya miaka tisa.

Sasa sikiliza shida yangu. Hadithi ile nilikuwa nimeisimulia mara nyingi sana, kila mara nikiongeza kidogo, mpaka nilipoingiza mkono kutafuta ile ya kweli sikujua nishike wapi. Nikaanza.

"Siku ya kimbunga ulikuwa tangini. Uliwabeba watoto watatu. Maji yalikufika shingoni..."

"Magotini," akasema Uelese.

"Magotini. Na mawimbi yalikuwa yanapiga huku na huku..."

"Pesamino. Ni tangi. Mawimbi yametoka wapi?"

"Hakukuwa na mawimbi," nikasema. "Uliwabeba watoto. Wako wawili, na Ianeta. Siku nzima..."

"Na usiku."

"Na usiku. Hukuwaweka chini. Ukawaimbia."

"Sikuimba. Niliwahesabia. Nilihesabu mpaka elfu nikaanza tena."

Hilo nilikuwa silijui. Ianeta alisema tu baba mkubwa alikuwa anaongea na namba, nikadhani ni utoto. Ndipo kitu kikalegea. Nikaendelea bila kufikiri, kama mtu anayetapika.

"Mimi nilijua. Ianeta alinisimulia yote. Na kwenye kikao niliwaacha watoto nje ya hadithi. Nimesema miaka yote hii kwamba nilitaka kicheko tu. Na kicheko nilikitaka. Lakini nilitaka na jina la baba. Nilidhani wewe ukianguka watanitazama mimi." Sikuwahi kulisema hilo hata kimoyomoyo. Sikulijua. Nililisikia pamoja naye, kwa mara ya kwanza, nikashangaa kama mtu wa barabarani. "Nisamehe, kaka."

Vidole vya miguu havikusogea. Kisha vikageuka vikaondoka. Mlango ukalia.

Basi nikabaki. Sikujua kama nimekataliwa. Mtu akikataliwa anaondoka, lakini nani anamwambia kwamba ndiyo ameshakataliwa? Nikajaribu kusali, nikakuta sina la kuomba. Nilichoahidi nimefanya. Siku ni hiyo niliyosema, tarehe ni hiyo, mkeka upo. Nilidhani mtu akitii anajisikia vizuri. Mimi nilijisikia kiu. Nikajiambia, Bwana, mimi nitakaa hapa, wewe ukishajua tunafanya nini utanijulisha.

Yaliyotokea baadaye nimeshayasimulia mara nyingi na hawaniamini. Mlango ulilia tena. Hatua nzito, hatua ya kuburuzwa. Nikasikia mtu anahema, anateremka chini goti moja, halafu anavuta lingine kwa mikono. Ukingo wa mkeka ukainuliwa, mwanga ukaniumiza, na badala ya kuutoa, kaka yangu akaingia ndani, akauacha ukatufunika wote wawili. Mkononi ana kikombe cha maji.

"Kunywa. Utanifia hapa nichelewe ndege."

Nikanywa. Tulikaa pale bega kwa bega, wazee wawili chini ya mkeka mmoja, joto kama jiko la mawe.

"Tangini kulikuwa hivi," akasema. "Ila na watoto."

"Umenisamehe?"

"Ningekusamehe mwaka wa kwanza ungekuja. Nilikuwa naketi nje kila alfajiri. Mwaka wa pili nikaacha." Akakipokea kikombe. "Kwa nini leo?"

Nikamwambia. Nikamwambia jinsi nilivyochagua Ijumaa, na redio, na mchungaji, na simu ya Meripa. Nilikuwa sijafika kwenye mizani akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka bila sauti kama anavyochekaga tangu utotoni, mpaka mkeka wote ukawa unatingishika na yule mtoto nje akapiga kelele kwamba zulia limepata degedege.

Alipomaliza akajifuta uso. "Haya. Lakini mimi umeniambia nini? Mimi nilikuwepo. Nenda ukawaambie wasiokuwepo."

"Nitawaambia."

"Lini?" akasema, na akanitazama vizuri.

"Jumapili," nikasema. "Baada ya ibada, ukoo ukiwa kwenye chakula. Ya kwetu, kabla ninyi hamjaifikia yenu."

Mkeka hakunirudishia. Akaukunja akautia kwenye mzigo wake wa Hawaii, na kwa watu wetu hiyo ndiyo sahihi ya msamaha.

Nikalala kwa Meripa, nikaamka Jumamosi nyingine asubuhi. Nikapanda ndege Jumamosi hiyo nikashuka Jumapili, nimevaa shati la mume wa Meripa lisilofunga vifungo. Ibada nilikuta imekwisha. Ukoo wote ulikuwa kwa Falaniko, na nguruwe ameshakatwa. Nikasimama katikati. Sikungoja kualikwa, na Fuatino akaacha kupakua.

"Ijumaa iliyopita," nikaanza, "tarehe thelathini, nilimpigia magoti kaka yangu Uelese."

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko.

"Ijumaa gani?" akapiga kelele mjomba mmoja. "Ijumaa ilifutwa! Pesamino ameipata peke yake!"

"Ameinasa redioni!"

Nikangoja. Nikaisema hadithi yote kama ilivyo, maji magotini, hakuna mawimbi, watoto watatu, kuhesabu mpaka elfu. Walikuwa wanatabasamu, wanasubiri mahali pa kuchekea. Nikasema kwamba nilitaka jina la baba. Hata hapo kuna waliocheka. Nilipomaliza, Falaniko akaniuliza kwa upole, "Halafu?"

"Hakuna halafu."

Wakatazamana. Miaka yote niliwapa uongo wakauchukua kwa mikono miwili, sasa nimewaletea kweli hii moja hawajui waiweke wapi. Nilidhani kutii kumeishia hapo, mtu anasema kweli na haiaminiki, basi.

Ndipo Ianeta akasimama. Alikuwa ameketi kule nyuma na mtoto wake mgongoni. Ni mtu mzima sasa, anafundisha shule ya wadogo.

"Nilikuwa bega la kushoto," akasema. "Akifika mia tisa alikuwa anapunguza mwendo, ili elfu isifike haraka. Nilikuwa nadhani elfu ikifika paa litarudi."

Hakuna aliyetafuna. Falaniko aliweka chini kipande alichokuwa ameshika. Kisha akasema, "Jina la Uelese litatajwa kwanza kwenye sala ya leo jioni. Kabla ya langu." Akamwashiria mwanawe anyamazishe redio.

Alasiri simu ya Fuatino ikalia. Uelese, kutoka kwa mwanawe kule Hawaii. Ameshafika, huko kuna upepo, magoti yanauma.

"Huko siku gani?" nikamwuliza.

"Jumamosi."

"Basi mimi niko kesho yako."

"Na kesho ikoje?" akasema. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Walicheka?"

"Walicheka. Halafu wakaacha."

Akakaa kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Hicho nilikitambua.

"Basi kesho kwangu itakuwa njema," akasema Uelese.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshaiona, iko salama, ila kuna joto.